Siku ya nane ya mafua, kamasi la kijani na uso unaouma: je, nimeze antibayotiki?

«Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lushoto, nina umri wa miaka 36. Siku nane zilizopita nilipata mafua ya kawaida, na kufikia siku ya nne kamasi likawa zito na la kijani. Sasa pua imeziba, uso ni mzito chini ya macho, meno ya juu upande wa kulia yananiuma, na nikiinama kusujudu kichwa kinagonga. Sina homa. Mhudumu wa duka la dawa amesema ni sainasi, akaniuzia vidonge vitatu vya azithromaisini ambavyo bado sijavimeza. Jirani anasema sainasi haiponi mpaka upasuliwe, mama ananihimiza nipige nyungu, na mwenzangu kazini anasema nianze na eksirei. Matone ya kuzibua pua nayatumia tangu siku ya kwanza, lakini naona hayanisaidii tena kama mwanzo. Nifanye nini?»

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kumeza vidonge hivyo, kwa sababu ndani ya swali lako kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni kama kweli unaumwa sainasi. Kwa jinsi ulivyoeleza, mhudumu wa duka la dawa hakukosea: pua iliyoziba, kamasi zito, uzito chini ya macho na maumivu yanayozidi ukiinama ndizo dalili za kawaida za sainasaitisi ya ghafla, yaani uvimbe wa utando wa ndani ya sainasi ambao haujatimiza wiki nne. La pili ni kama uvimbe huo unahitaji antibayotiki, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Katika siku ya nane, bila homa na bila hali kugeuka ghafla kuwa mbaya zaidi, uwezekano mkubwa ni kwamba bado unapambana na virusi vilevile vilivyokuletea mafua wiki iliyopita, na azithromaisini haiui virusi.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, ni vizuri kujua kinachoendelea ndani ya uso wako. Sainasi ni matundu ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, jozi nne kwa jumla: mashavuni, katikati ya macho, juu ya nyusi, na jozi moja iliyojificha nyuma kabisa ya pua. Zote zina utando mwororo unaotoa ute usiku na mchana, na juu ya utando huo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho ambavyo huusukuma ute mpaka kwenye kitundu chembamba unapotokea kuingia puani. Sainasi za mashavuni zina tatizo la pekee, kwa kuwa kitundu chao kiko juu, si chini. Ni sawa na tangi la maji lililotobolewa tundu la kutolea karibu na mfuniko: kilichomo hakiwezi kuteremka chenyewe, lazima kipandishwe. Kazi hiyo ya kupandisha hufanywa na vinyweleo, na mtu mwenye afya haijui hata siku moja.

Mafua yakiingia, utando huvimba, kitundu chenye upana wa milimita chache hujifunga, na vinyweleo hupoteza nguvu kwa siku kadhaa hata baada ya chafya kwisha. Ute unabaki ndani, hewa iliyofungiwa humo inafyonzwa taratibu na utando, mgandamizo unabadilika, nawe unaanza kuhisi uso mzito. Ukiinama kusujudu, damu hujaa zaidi katika utando ambao tayari umevimba, na maumivu yanapanda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ni kuufungua mlango huo na kuvipa vinyweleo muda wa kurudi kazini; kuua vimelea ni suala la watu wachache tu miongoni mwa wanaougua.

Meno yako yanaingia katika maelezo hayohayo. Mizizi ya magego ya juu iko jirani kabisa na sakafu ya sainasi ya shavuni, ikitenganishwa nayo na mfupa mwembamba sana, na mishipa ya fahamu inayohudumia sehemu hizo mbili ni ya ukoo mmoja. Ndiyo maana uvimbe wa sainasi huumiza meno kadhaa ya juu kwa pamoja, ingawa meno yenyewe ni mazima. Hata hivyo fanya jaribio dogo: gonga kila jino taratibu kwa mpini wa kijiko. Kama yote yanauma kiasi kilekile, lawama ni ya sainasi. Kama moja tu linakurusha, au fizi yake imevimba, au tundu moja la pua linatoa harufu mbaya, nenda kwa daktari wa meno kwanza, kwa kuwa usaha wa kwenye mzizi wa jino unaweza kupanda hadi ndani ya sainasi, na hapo hakuna dawa ya pua itakayokuponya kabla jino halijatibiwa.

Sasa niseme juu ya rangi, kwa sababu naamini ndiyo iliyomfanya mhudumu akupe vidonge. Kamasi la kijani si ushahidi wa bakteria. Rangi ile inatoka mwilini mwako mwenyewe: chembe nyeupe za damu zinazokimbilia puani kupambana na maambukizi hubeba kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho kwa asili yake ni cha kijani, na chembe hizo zikijaa, kamasi hubadilika rangi. Hilo hutokea katika mafua ya virusi kama linavyotokea katika ugonjwa wa bakteria. Kamasi la mafua ya kawaida huanza likiwa jepesi kama maji, likazidi uzito na kuwa la njano au la kijani siku ya tatu au ya nne, kisha likarudi kuwa jeupe. La asubuhi huwa la kijani zaidi kuliko la mchana kwa kuwa limelala humo usiku kucha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wengi mno wakipewa antibayotiki kwa kosa la rangi peke yake.

Kinachotofautisha virusi na bakteria ni mwenendo wa siku. Mafua ya virusi hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, na kufikia siku ya kumi mgonjwa huwa ameanza kupata nafuu, hata kama pua haijafunguka kabisa. Daktari huanza kufikiria bakteria katika hali tatu. Ya kwanza ni dalili kudumu siku kumi au zaidi bila dalili yoyote ya kupungua. Ya pili ni ugonjwa kuanza kwa kishindo, homa ya nyuzi 39 au zaidi pamoja na kamasi la usaha au maumivu makali ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Ya tatu, ambayo mimi huiamini kuliko zote, ni mgonjwa aliyekwisha kuona nafuu halafu, karibu siku ya tano au ya sita, homa, kichwa na kamasi vikarudi kwa nguvu mpya. Wewe, kwa leo, hauko katika hata moja. Kati ya watu wazima 200 wanaopata mafua, ni mmoja hadi wanne tu ambao sainasi zao huvamiwa na bakteria.

Hata kwa wale wanaotimiza masharti hayo, faida ya antibayotiki ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba, katika kila watu wazima 100 wenye sainasaitisi ya ghafla ambao hawakupewa antibayotiki, 46 walikuwa wamepona baada ya wiki moja na 64 baada ya wiki mbili. Antibayotiki ziliongeza watu 5 hadi 11 waliopona mapema, na wakati huohuo watu 13 zaidi walipata madhara ya dawa, mengi yakiwa ya tumbo. Sisemi kwamba dawa hizi hazina kazi. Kwa mgonjwa mwenye homa kali na uso uliovimba nitaziandika bila kusita. Nasema kwamba kwa mtu wa siku ya nane asiye na homa, mizani inaelemea upande wa kusubiri.

Na ikitokea ukazihitaji, azithromaisini isingekuwa chaguo langu la kwanza. Bakteria wanaoongoza kuvamia sainasi ni walewale wanaosababisha nimonia, na wengi wao wamekwisha kujenga usugu dhidi ya dawa hiyo, kama walivyojenga dhidi ya kotrimoksazoli. Kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini, kinachopendekezwa ni amoksisilini, peke yake au iliyochanganywa na klavulaneti, kwa siku 5 hadi 10 kadiri daktari atakavyoona. Vidonge ulivyonunua usivimeze, na tafadhali usimpe mtu mwingine mwenye mafua hapo nyumbani au shuleni.

Eksirei nayo iache. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za CT, yaani eksirei ya kina inayotengenezwa kwa kompyuta, watu wazima 31 waliokuwa na mafua ya kawaida ya siku chache, na 87 katika kila 100 wakaonekana kuwa na mabadiliko katika sainasi za mashavuni. Wengi wao mabadiliko hayo yalipungua sana au kutoweka ndani ya wiki mbili bila antibayotiki. Maana yake ni kwamba picha yako leo ingeonyesha sainasi zilizoziba, na tusingejua lolote jipya. Picha hupigwa pale tunaposhuku kwamba ugonjwa umeenea nje ya sainasi, au umekuwa sugu na upasuaji unafikiriwa.

Basi ufanye nini katika siku hizi? Anza na maumivu. Meza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, ukiacha saa sita kati ya dozi na nyingine, visizidi vinane kwa siku nzima. Angalia pakiti ya dawa yoyote ya mafua unayotumia, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani yake, na mtu hujikuta amemeza dozi mbili bila kujua. Baadhi zina pia dawa ya kubana mishipa ambayo hupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo mwenye presha azikwepe.

Kisha osha pua kwa maji ya chumvi, jambo ambalo ni rahisi na bado wengi hulifanya vibaya. Chemsha maji hadi yatokote kwa dakika moja kamili, yafunike, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Chukua nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na ukipenda ongeza chembe ya bikaboneti ya soda ili isiwashe; si hamira, wala si ile poda ya kuumulia keki. Nunua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande kidogo, fungua mdomo na upumue kwa mdomo, kisha sukuma maji taratibu katika tundu la juu ukiyaelekeza nyuma ya kichwa, si juu kwenye ubongo na si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Yatatokea tundu la pili pamoja na kamasi. Ukimaliza, penga tundu moja moja bila nguvu, kwa kuwa kupenga kwa nguvu huyasukuma makamasi kurudi ndani ya sainasi. Rudia asubuhi na jioni. Yakikuchoma, chumvi imezidi au imepungua, maana maji matupu huchoma vilevile.

Kuhusu maji hayo sitaki uwe na mzaha. Maji ya bomba, ya kisima au ya kijito yasiyochemshwa hayafai kusukumwa ndani ya pua. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, aishiye katika maji yasiyo na chumvi, hasa yenye ujoto, ambaye akinywewa hana madhara, lakini akipandishwa puani anaweza kufika kwenye ubongo. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Ni ugonjwa wa nadra sana, na kinga yake ni jiko na sufuria. Kwa kuwa umetaja kusujudu, naongeza kwamba katika siku hizi za ugonjwa ni vizuri kuweka birika la maji yaliyochemshwa na kupoa kwa ajili ya kupandisha puani unapotia udhu, na kuyavuta kwa upole.

Matone ya kuzibua pua yaache leo. Yanabana mishipa ya damu ya utando na kukupa nafuu ya haraka, lakini yakipita siku tatu hadi tano utando huanza kuvimba upya kila nguvu ya dawa inapokwisha, na pua inaziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Nadhani sehemu ya kuziba unakokuona sasa inatokana na hayo. Ukishindwa kuyaacha kwa mara moja, acha tundu moja kwanza, uvumilie siku tatu au nne mpaka lifunguke, kisha acha la pili. Dawa ya kupuliza puani ya jamii ya steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, kama mometasoni au flutikasoni, inaweza kukusaidia kuvuka siku hizo. Faida yake katika sainasaitisi ya ghafla ni ya kiasi, si ya miujiza, na huonekana zaidi kwa wale ambao pua zao zina mzio wa vumbi.

Nyungu ya mama haina ubaya wa nia, na joto lenye unyevu hutuliza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa watu ambao sainasi zao husumbua mara kwa mara, ulionyesha kwamba kujifukiza kulipunguza maumivu ya kichwa lakini hakukubadili dalili nyingine, ilhali kuosha pua kulileta nafuu kidogo. Ninachokiogopa ni sufuria inayochemka chini ya blanketi, kwa sababu majeraha yake ya moto ni mabaya, na jiko la mkaa kuwekwa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake huua. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, ukikiweka mashavuni, pamoja na chai ya tangawizi, vitakupa karibu faida ileile. Najua baridi ya Lushoto mwezi Julai huwalazimisha watu kuota moto ndani, lakini moshi huvidhoofisha vinyweleo vile tunavyovisubiri virudi kazini, kwa hiyo kaa mbali nao kadiri uwezavyo, na darasani futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu.

Jirani yako amechanganya magonjwa mawili. Sainasaitisi ya ghafla hupona, na kwa kawaida bila kisu. Upasuaji hufikiriwa kwa wale ambao dalili zao zimepita wiki 12 licha ya matibabu sahihi, au wanaougua mara nne au zaidi kwa mwaka, au wenye vinyama puani. Siku hizi hufanywa kupitia matundu ya pua kwa kamera ndogo. Ukijikuta katika kundi hilo, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Yapo pia maradhi yanayojifanya sainasi. Kichwa kinachogonga upande mmoja, kikiambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga, mara nyingi ni kipandauso, hata kama pua inachuruzika. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2004 wa watu karibu 3,000 walioamini kwamba vichwa vyao vinauma kwa sababu ya sainasi, 88 katika kila 100 walikuwa na dalili za kipandauso. Na homa ikijitokeza, hasa kama wiki hizi ulishuka Korogwe au Tanga mjini, pima malaria siku hiyohiyo kabla ya kuisingizia pua.

Kuna hali ambazo hazisubiri siku ya kumi. Ukuta unaotenganisha sainasi na jicho ni mwembamba sana, na ubongo hauko mbali. Ukiona kope imevimba au kuwa nyekundu, jicho limesukumwa mbele, linauma likizunguka au unaona vitu viwili viwili, paji la uso limevimba, kichwa kinauma kupita kiasi huku shingo ikikakamaa, au unatapika, unachanganyikiwa au unapata degedege, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mtoto aliyevimba jicho baada ya mafua apelekwe bila kuchelewa, na anayetoa usaha wenye harufu kwenye tundu moja tu la pua achunguzwe kama ameingiza shanga au mbegu. Wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, na wanaotumia dawa za saratani au steroidi za vidonge kwa muda mrefu wamwone daktari mapema. Kwa hao, ganzi ya uso au gamba jeusi puani ni dharura, kwa kuwa kuna fangasi anayekula tishu kwa kasi.

Kwa upande wako, fanya haya kwa siku mbili zijazo. Ikifika siku ya kumi na unaona hali inapungua, hata kwa kidogo, endelea kuosha pua na uvumilie, kwani mabaki ya kikohozi na kamasi yanaweza kukaa wiki mbili au tatu. Isipopungua kabisa, au ikigeuka kuwa mbaya kabla ya hapo, nenda kituo cha afya. Chukua pakiti za kila dawa uliyotumia pamoja na hivyo vidonge vitatu, mweleze daktari mafua yalianza siku gani na siku gani uliona mabadiliko, mtajie dawa yoyote iliyowahi kukuletea vipele au kukubana kifua, na umwambie kama una mimba au unanyonyesha, kwa sababu hilo hubadilisha dawa atakayochagua.